Zamu ya Februari

Huku Galisia mvua haibishi hodi.
Ilianza Oktoba, na hadi Krismasi
mlango wa mto wetu ulikuwa umepoteza chumvi
kama mgonjwa apotezavyo hamu ya mchuzi.
Kombe hafi kwa kelele. Hufumbuka tu.
Ukiinama unamwona ndani, mweupe, mlegevu,
na harufu yake inakufuata hadi chini ya shuka.

Tulihesabu. Fremu ya mbao, nusu mita kwa nusu mita,
Sabela akichimba, mimi nikiandika kwa penseli
maana wino hulia ukilowa.
Hai, kumi na mmoja.
Mwaka juzi, mahali pale pale, mia mbili na sita.

Tukapiga kura kwenye ghala la mnada,
wanawake thelathini na wanane juu ya kreti zilizopinduliwa.
Dosinda, ambaye magoti yake huijua bamvua kabla ya kalenda,
alisema haba na haba hujaza ndoo,
na haba na haba humaliza ufuo, chagueni.
Tukaufunga hadi Juni.
Obdulia hakuinua mkono. Hakupinga pia.
Alikuwa akizitazama buti zake.

Ulinzi ni wetu wenyewe, wawili wawili, bila malipo.
Usiku ule Sabela alikuwa na homa
nami nikashuka peke yangu, saa nane na nusu,
maji yakirudi nyuma kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.
Nikaisikia.
Reki mchangani: krrr, kimya, krrr.
Huwezi kuikosea, kama usivyokosea kikohozi cha mama yako.

Nikawasha tochi. Hakukimbia.
"Ni wewe," akasema.
"Ni mimi."
Ndoo yake haikufika robo.
Mumewe yuko kitandani tangu winchi ya meli imvunje nyonga;
benki huandika barua kila Alhamisi;
hayo aliyajua kila mtu, hata padri.
Nilikuwa na maneno tayari: kanuni ya tisa, faini,
leseni kusimamishwa miezi sita.
Yalinikwaruza ulimini kama mchanga kwenye wali.

Badala yake nikatoa pete mfukoni,
si ya ndoa, ile niliiuza,
hii ya chuma, ya milimita arobaini.
Anayepita ndani yake bado ni mtoto.
"Pima," nikamwambia.

Tukapiga magoti, tochi nikiibana kwa meno.
Kombe hamsini na watatu.
Arobaini na tisa walipita bila hata kugusa ukingo.
Obdulia hakulia. Alisema tu, "Gizani walionekana wakubwa,"
kisha akaanza kuwarudisha, mmoja mmoja,
akiwasukuma kwa kidole gumba hadi mchanga ufunge,
nami nikamfuata, mgongo wangu ukinitukana.

Wakabaki wanne, waliogoma mlangoni.
Akachukua wawili. Wawili akanitilia mfukoni.
Mpaka leo sijui
kama ile ilikuwa rushwa au chakula cha jioni.
Niliwapika kwa kitunguu saumu, mlango nimeufunga kwa komeo,
nikala nimesimama.

Daftarini niliandika: Manyunyu.
Maji yalikupwa saa tisa na robo. Hakuna la kuripoti.

Orodha ya walinzi wa Machi ilipobandikwa
jina lake lilikuwa limeandikwa mara tisa,
kwa mwandiko wake mwenyewe, mbonyeo mzito.
Dosinda aliisoma, akanitazama mimi,
akauliza kama kuna kahawa.

Juni tukarudi na fremu ile ile.
Sabela akachimba, mvua ikituacha kwa mara moja.
Sabini na wanne.
Haitoshi, akasema mmoja.
Haitoshi, nikaandika, kwa penseli,
na kreti zikapinduliwa tena.